Meza ya Mahogani Ina Mafundi Wawili

Septemba 2020 shirika la National Trust, linalotunza mamia ya majumba ya kale ya Uingereza, lilitoa ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Kelele zilikuwa kubwa. Wabunge kadhaa walilalamika kwamba shirika limeacha kutunza majumba na kuanza kuhubiri siasa. Malalamiko yakaifikia tume inayosimamia mashirika ya hisani, na Machi 2021 tume ikasema hakuna sheria iliyovunjwa. Ubishi haukuishia hapo. Umehamia ndani ya vyumba vyenyewe, kwenye zile kadi ndogo za maelezo zinazowekwa kando ya samani: kiti hiki kilitengenezwa na nani, mwaka gani, kwa mbao gani. Upande mmoja unataka kadi hizo ziwataje waliotumikishwa ili mali hiyo ipatikane. Upande wa pili unajibu kwamba meza ni meza, na kwamba mgeni amelipa kiingilio aone kazi ya fundi, hakuja kusomewa mashtaka ya mababu.

Nataka kuujadili ubishi huu kwa samani moja tu: meza ya kulia ya mahogani inayopanuka, iliyotengenezwa England kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19. Naichagua kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwapa nguvu watetezi wa ufundi mtupu. Ina reli zinazoteleza na vipande vinavyozunguka, ina hataza zilizosajiliwa, yaani haki za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na majina ya watengenezaji yamegongwa kwenye mbao. Hata hivyo, nashikilia kwamba wanaosema kuwataja watumwa kwenye kadi ya meza hii ni kuchanganya ufundi na siasa hawaijui meza yenyewe. Mti ule ndio uliouwezesha ufundi ule, na waliouleta mti ule nao walikuwa mafundi. Kadi inayowaacha ina kasoro kama maelezo ya kiufundi, kabla hata hatujafika kwenye suala la haki.

Tatizo ambalo meza hizi zilitatua linaijia nyumba yoyote yenye wageni. Siku za kawaida mko sita mezani, siku ya shughuli mko ishirini, na chumba ni kilekile. Waingereza walikuwa na jibu la zamani, meza ya mwaloni yenye mbao mbili zilizolala chini ya ubao mkuu. Unazivuta, ubao mkuu unashuka, meza inakaribia kuwa ndefu mara mbili. Hiyo ilikuwapo tangu karne ya 16. Katika karne ya 18 wakaja na meza ya vipande: nusu duara mbili zilizozoea kusimama ukutani zinaletwa katikati ya chumba, zinatiwa vipande vya mstatili kati yake, na vyote vinafungwa kwa vibanio vya shaba. Ilipendeza, ila kila kipande kilikuja na miguu yake. Mgeni aliyekalishwa penye maungio alikula huku amebana mguu wa meza katikati ya magoti.

Ndipo mwaka 1800 Richard Gillow, wa familia ya maseremala wa Lancaster, akapewa hataza ya meza ambayo lengo lake lilikuwa hilohilo la kupunguza miguu. Chini ya ubao aliweka fremu zinazoingiana na kuteleza kama mirija ya darubini. Ukizivuta zinarefuka, unapanga mbao za kuongezea juu yake, na uzito wote unabebwa na fremu. Waliofuata ni wengi. Duka la Morgan na Sanders, katika mtaa wa Catherine jijini London, lilijijengea jina kwa samani za kukunjika na kupanuka wakati wa vita vya Napoleon. Baadaye, katika miaka ya 1860, Joseph Fitter wa Birmingham akaleta skrubu ndefu ya chuma inayozungushwa kwa mkono, na meza ikawa inafunguka kwa kuzungusha tu. Kwa hesabu ya meza zilizouzwa huenda huyo ndiye aliyeshinda, kwa kuwa skrubu yake iliingia kwenye nyumba za watu wa kawaida wenye kipato cha kati.

Lakini aliyefika kileleni ni Robert Jupe, na meza yake ya 1835 inastahili kuelezwa polepole. Ni meza ya duara. Ubao wake umekatwa vipande vinane kama keki, kila kimoja kikianzia katikati na kuishia ukingoni. Ukishika ukingo na kuuzungusha, vipande vyote vinane vinasogea nje kwa pamoja na kuacha nafasi nane zinazofanana. Katika kila nafasi unaingiza ubao wa kuongezea, na duara linajifunga tena, safari hii likiwa kubwa zaidi. Meza nyingi za namna hii zilitengenezwa na mbao za kuongezea seti mbili, nyembamba na pana, kwa hiyo meza moja ilikuwa na ukubwa wa aina tatu, na siku zote ilibaki duara, bila kichwa wala mkia, bila mgeni wa heshima na mgeni wa pembeni. Kampuni ya Johnstone na Jupe ilizitengeneza na kuziuza katika mtaa wa New Bond, London, na hadi leo zinagombewa minadani, ilhali samani nyingi za mahogani za kipindi hicho zimeporomoka bei tangu miaka ya 2000 ilipoanza.

Sasa tutazame mbao. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa seremala, na neno alilorudia kuliko yote karakanani ni kwamba mbao haifi. Unaweza kuikata, kuipiga randa na kuipaka vanishi, bado itavuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, na kila mara itatanuka au kusinyaa. Meza ya kawaida inastahimili hilo. Meza inayopanuka haistahimili, na sababu yake haihitaji elimu kubwa. Ubao wa kuongezea unakaa kabatini miezi kumi, kisha unatolewa na kuwekwa kando ya ubao uliokuwa sebuleni karibu na moto. Iwapo umepinda kidogo, ukingo wake utasimama juu ya mwenzake na glasi itayumba. Kwa Jupe hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kosa dogo la upana linajirudia mara nane katika duara moja, na duara halifungi. Uvumbuzi wake wote unaegemea sharti moja: ubao mpana, mnyoofu, usiocheza.

Mwaloni wa England haukutimiza sharti hilo kwa kiwango kilichotakiwa. Mahogani ya Karibi na Amerika ya Kati ililitimiza. Shina lake lilitoa mbao pana kiasi kwamba ubao mmoja ulitosha kipande kizima bila kuunganishwa. Husinyaa kidogo, na husinyaa karibu sawasawa pande zote, kwa hiyo hupinda kwa nadra. Hailiwi na wadudu kirahisi. Tena inang'ara. Desturi ya mezani ya wakati ule ilikuwa kuondoa kitambaa chakula kikuu kikiisha, na matunda na divai vikaletwa juu ya mbao tupu, hivyo maungio yote yalikuwa wazi mbele ya macho ya wageni. Mbao ya namna hiyo ilianza kumiminika Uingereza baada ya sheria ya 1721 kuondoa ushuru wa mbao zilizotoka makoloni ya Amerika. Jamaika ilikatwa kwanza. Miti mikubwa ya karibu na mito ilipokwisha, biashara ikahamia Cuba, Santo Domingo na ghuba ya Honduras, kwenye nchi ambayo leo ni Belize.

Hapa ndipo kadi nyingi za maelezo zinanyamaza, nami nitakaa zaidi. Belize haikuwa nchi ya mashamba ya miwa. Waafrika waliopelekwa huko utumwani walipelekwa kukata miti, na kazi hiyo ilikuwa na ujuzi wa ngazi nyingi. Mahogani haioti kwa makundi. Mti mmoja unasimama hapa, mwingine mbali kabisa, katikati ya msitu mnene. Kila kikosi cha wakataji kilimtegemea mtafutaji. Mwezi wa Agosti, majani ya mahogani yanapogeuka rangi kuelekea manjano na wekundu, mtafutaji alipanda mti mrefu kuliko yote, akatazama msitu kwa juu, akaitambua rangi ile kutoka mbali, kisha akashuka na kuwaongoza wenzake moja kwa moja hadi penye mti bila ramani wala dira. Riziki ya kikosi kizima kwa msimu huo ilitoka machoni mwake.

Mti ulipopatikana, wakataji walijenga jukwaa kulizunguka shina, mita tatu au zaidi kutoka ardhini, juu ya zile mbavu pana za mizizi, na kutoka huko wakaukata kwa shoka. Wengine walifyeka barabara hadi mtoni na kuweka madaraja juu ya vijito, na barabara hizo ndizo zilizokula sehemu kubwa ya kazi yote. Magogo yalivutwa na ng'ombe mwezi wa Aprili na Mei, ardhi ikiwa kavu, na yalivutwa usiku kwa mwanga wa mienge kwa sababu ng'ombe hawakuweza kazi ile kwenye joto la mchana. Mvua za Juni zilipojaza mto, magogo yaliachiwa maji. Watu waliyafuata kwa mitumbwi wakiyakwamua, hadi kwenye kizuizi kilichotandazwa mtoni karibu na pwani, ambako kila mwenye mali alichagua yake kwa alama. Anayesoma maelezo haya na bado akaiita kazi ya mikono isiyo na akili hajawahi kupoteza njia msituni.

Waswahili tuna methali isemayo penye miti hapana wajenzi. Kadi za meza hizi zimeandikwa kana kwamba methali hiyo ni historia ya msitu wa Belize, kwamba ufundi ulianza siku gogo liliposhushwa bandarini Liverpool au London. Mtu aliyechagua mti upi ukatwe na upi uachwe, akaamua uangukie upande gani usipasuke, tayari alikuwa ameanza kutengeneza meza. Gogo lililopasuka msituni halikutoa ubao mpana, na bila ubao mpana hakuna meza ya Jupe.

Zipo hoja za upande wa pili zenye uzito, na sitaki kuzipita juu juu. Ya kwanza ni hiyo ya meza ya mwaloni niliyoitaja mwenyewe. Kama Waingereza walikuwa na meza ya kurefuka tangu karne ya 16, basi wazo halikutoka kwa mahogani. Ni kweli, na sidai vinginevyo. Ninachodai ni kwamba meza ile ya kale ilificha mbao zake mbili chini ya ubao mmoja na ikaishia hapo. Kuvuka mpaka huo, hadi meza ya watu ishirini inayobebwa na fremu inayoteleza, yenye mbao nne au tano za kuongezea zinazokutana kama ubao mmoja, ndiko kulikodai mti mwingine. Wazo lilikuwapo kwao, ukubwa wake ukatoka msituni.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Hakuna anayeweza kuitazama meza moja na kusema gogo lake lilikatwa na nani. Wala si kila mahogani ilitoka mikononi mwa mtumwa. Haiti ilijikomboa mwaka 1804 kwa damu ya watumwa wenyewe, na kati ya 1822 na 1844 ilitawala kisiwa chote cha Hispaniola, ambako mahogani iliendelea kukatwa na kuuzwa Ulaya. Meza iliyotokana na gogo hilo inaweza kuwa kazi ya watu huru, tena huru kwa nguvu zao wenyewe. Nakubali kwamba kadi inayosema "meza hii ni ya damu" bila kujua gogo lilitoka wapi inasema kuliko inavyojua. Lakini jambo hili linadai kadi iwe na maneno mengi zaidi kuhusu mti. Asiyejua gogo lilitoka Haiti au Belize ana sababu ya kuitaja Haiti na Belize, na hana sababu ya kuandika neno "mahogani" na kuweka nukta.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba fundi wa Kiingereza alinunua mbao sokoni kama mtu mwingine yeyote, hakujua wala hakuhusika. Kwa akina Gillow hoja hii haisimami hata dakika moja. Robert Gillow, mwanzilishi wa kampuni, alisafiri Karibi akiwa kijana kama seremala wa meli. Kampuni yake ilipeleka samani kwenye visiwa hivyo na ikapokea kutoka huko sukari, ramu na mahogani. Mji wao, Lancaster, ulikuwa wa nne nchini kwa bandari zilizotuma meli za kusafirisha watumwa. Walijua mti unatoka wapi kama mfanyabiashara wa Kariakoo anavyojua mzigo wake umepakiwa bandari gani. Kumwita mtu wa namna hiyo fundi asiyejua biashara ni kumpunguzia sifa aliyokuwa nayo kweli, kwani kuijua mbao tangu ilikotoka kulikuwa sehemu ya umahiri wake.

Wapo wanaorudi nyuma hatua moja na kusema: sawa kwa Gillow wa 1800, lakini meza ya Jupe ni ya 1835, na Uingereza ilifuta utumwa katika makoloni yake Agosti 1834. Tarehe ni sahihi, hitimisho sivyo. Waliokuwa watumwa walifungwa bado kwa jina la uanagenzi hadi 1838, huku wamiliki wao wakilipwa fidia iliyotengwa, jumla ya pauni milioni 20, na waliofanya kazi hawakulipwa kitu. Cuba, chini ya Hispania, iliendelea na utumwa hadi 1886. Na Belize baada ya 1838 mkataji alilipwa ujira wa mbele mwisho wa mwaka kabla ya msimu, fedha ikaisha wakati wa sikukuu, akaingia msituni na deni, kisha akalazimika kununua chakula na nguo kwenye duka la mwajiri wake kwa bei ya mwajiri wake. Msimu ulipoisha deni lilikuwa limekua. Sheria ilimwita mtu huru, daftari la duka lilimwita vinginevyo.

Upande wangu nao una kosa lake. Wako wanaotaka meza hizi ziondolewe kwenye vyumba na kufichwa stoo kwa kuwa ni aibu. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Miti ya ukubwa ule karibu imekwisha. Mahogani ya majani makubwa iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na udhibiti huo umetumika tangu Novemba 2003. Wafanyabiashara wa mbao walipopungukiwa walilihamishia jina la mahogani kwa miti ya Afrika ya jamaa moja, ukiwamo mkangazi wetu. Ubao mmoja mpana wa mahogani ya karne ya 18 ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu ule na ya kazi ya watu wale. Ukiuficha stoo, unakuwa umewazika wakataji mara ya pili, na safari hii kwa nia njema.

Linabaki jibu ambalo watunza majumba hulitoa kwa upole na kuona limemaliza mjadala: tungependa kuwataja, ila hawajulikani. Vitabu vya kazi vya Gillow vimehifadhiwa katika kumbukumbu za jiji la Westminster, London. Vina michoro ya samani, kiasi cha mbao, gharama yake, na mara nyingi jina la seremala aliyeifanya kazi yenyewe, mtu ambaye vinginevyo asingejulikana. Ni hazina, na ndiyo sababu majina ya maseremala hao yanaweza kuingia kwenye kadi. Katika London hiyohiyo, huko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, zipo rejista za watumwa wa makoloni ya Karibi zilizoandikwa kabla ya ukombozi, na ile ya Belize ya 1834 imo. Mwaka 2009 UNESCO iliziingiza rejista hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ndani yake watu wameorodheshwa kwa majina na umri, na wanaume wengi wa Belize kazi yao ilikuwa kukata miti. Treni ya chini ya ardhi ya njia ya District inasimama Westminster, na inasimama Kew Gardens.